Haki ya Mtoto Haingoji Sifa za Mamaye

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, aliyemlea Mtume wake katika uyatima akamfanya rehema kwa walimwengu. Rehema na amani zimfikie bwana wetu Muhammad, na Aali zake na Masahaba zake, na kila afuataye nyayo zao kwa wema mpaka Siku ya Malipo.

Amma baad. Ndugu zetu Waislamu, katika karatasi hii tumezoea kuwaonya wenzetu juu ya mambo wayafanyayo. Mara hii twaanza kwa kujionya wenyewe, kwa kuwa kosa tutakalolieleza ni letu, na asiyelikubali kosa lake hana haki ya kutaja la mwengine.

Mwajua ya kuwa darsa yetu ya hapa Luanda Kotieno ina sanduku dogo la zaka na sadaka. Fedha zake si nyingi. Hutoka kwa wenye maduka yaliyo karibu na gati la kivuko kiendacho Mbita, kwa wenye mashua wachache, na kwa ndugu zetu walioko Kisumu. Kabla ya Ramadhani iliyopita alitujia mwanamke mmoja mjane. Hatutamtaja jina, wala hatutasema neno la kumtambulisha. Mumewe alikuwa mvuvi, naye amefariki akimwachia watoto watatu. Mkubwa wao ni kijana wa miaka kumi na miwili, mwenye fahamu, ambaye katika madrasa yetu alikwisha fika Juzuu ya Tabaraka. Haja ya mama huyu ilikuwa ndogo: sare, vitabu na michango ya shule, na chakula cha mwezi mmoja mpaka biashara yake ya omena isimame.

Tukakaa kikao. Mmoja katika sisi akasema: "Sheikh, mwanamke huyu huonekana ufukoni saa za usiku. Tukimpa tutakuwa tumesaidia maasi." Wa pili akasema: "Aolewe kwanza, mume ndiye atakayemlisha." Wa tatu akasema: "Mtoto ana kosa gani?" Nasi tuliokalia mbele, ambao kazi yetu ilikuwa ni kukata shauri, tulisema neno lililokuwa na sura ya hekima: "Na tuchunguze kwanza." Tukachunguza wiki tano. Tuliwauliza wauza chai, tukawauliza wenye pikipiki, tukawauliza majirani na wenye mashua. Mtu wa pekee ambaye hatukumwuliza ni yeye mwenyewe.

Uchunguzi ulipokwisha, khabari iliyopatikana ni hii: mashua za omena hutoka usiku wa giza na taa zake, hurudi alfajiri, na mchuuzi atakaye kununua mapema hana budi kuwa ufukoni kabla ya jua kuchomoza. Basi zile "saa za usiku" zilikuwa ndizo saa za kazi yake, na hakuna aliyeweza kusimama mbele ya Mungu akashuhudia zaidi ya hayo.

Tukaenda kwake na bahasha. Ilikuwa adhuhuri, siku ya shule, na yule kijana tulimkuta amelala, viganja vyake vimechubuliwa na kamba. Alikwisha acha masomo akaajiriwa kuvuta nyavu usiku. Mama akaipokea bahasha kwa adabu, akasema: "Maalim, Mungu awalipe. Lakini mmeniulizia kwa kila mtu, na mimi hamkunijia. Lau mngalikuja, ningaliwaambia."

Mpaka tuandikapo haya, kijana yule hajarudi darasani. Asema kwamba ameionja pesa ya jasho lake, na kwamba wadogo zake wamtazama yeye. Twamwendea kila wiki, naye hutusikiliza kwa heshima kisha huenda zake ziwani. Hayo ndiyo yaliyotutia kalamu mkononi.

MABISHANO HAYA SI YETU PEKE YETU

Tusidhani ya kuwa maneno ya kikao kile yalizaliwa katika ufuo huu. Nchi ya Marekani, ambayo vijana wetu wengi huiona kuwa ndiyo nchi ya neema, imebishana maneno hayo hayo kwa zaidi ya miaka 80. Twaona vyema kuyaeleza, kwa kuwa mwenye akili huonyeka kwa yaliyompata mwenziwe.

Mwaka 1935 serikali ya nchi ile ilipitisha sheria ya kuwapa posho watoto waliokosa mtu wa kuwalisha. Fedha zikapita mikononi mwa majimbo, na majimbo mengi yakazifungia kwa masharti ya mwenendo wa mama. Wakaguzi wakawa wakipiga hodi usiku wa manane katika nyumba za wanawake maskini, wakichungulia makabatini na chini ya vitanda kama yumo mwanamume. Akionekana, posho ya watoto hukatwa. Katika jimbo la Alabama iliwekwa kanuni kwamba mwanamume mwenye mazoea na mama huhesabiwa kuwa ni baba wa badala, hata kama hawapi watoto wale tonge moja. Mwaka 1968 Mahkama ya juu kabisa ya Marekani iliibatilisha kanuni hiyo, ikaamua ya kwamba haifai kumnyima mtoto mwenye haja kwa sababu ya mwenendo anaodaiwa mamaye.

Mwaka 1965 ofisa mmoja wa Wizara ya Kazi, Daniel Patrick Moynihan, aliandika ripoti juu ya familia za watu weusi wa nchi ile. Alisema kwamba nyumba nyingi zimekosa baba, na kwamba mtoto anayekulia katika nyumba kama hiyo hupata taabu ya kupanda. Yeye mwenyewe aliutaja utumwa, na akautaja ukosefu wa kazi kwa wanaume, lakini wengi walichukua nusu ya maneno yake. Kundi moja likasema: tazameni, tabia zao ndizo zinazowafukarisha. Kundi la pili likasema: ufukara ndio unaozivunja nyumba zao. Tangu siku ile makundi hayo mawili hayajaacha kuvutana.

Mwaka 1996 Rais Bill Clinton alitia sahihi sheria iliyolazimisha kazi, na ikaweka kikomo cha miaka mitano katika umri wa mtu kupokea posho ya serikali kuu. Wanawake wengi waliingia kazini, na wenye kuisifu sheria wakafurahi. Wenye kuilaumu wakasema kwamba walio chini kabisa walizidi kudidimia. Kisha ukaja mwaka 2021, baada ya maradhi ya korona. Serikali ikaongeza fungu la watoto, na kuanzia Julai mpaka Disemba ikawapelekea wazazi wengi dola 300 kwa mwezi kwa kila mtoto wa chini ya miaka sita, na dola 250 kwa mkubwa wake, bila ya kuuliza kama mzazi ana kazi. Kwa kipimo kimoja cha serikali yao wenyewe, watoto waliokuwa katika umaskini mwaka ule walikuwa asilimia 5.2. Nyongeza ile ikaondolewa, na mwaka 2022 wakawa asilimia 12.4. Katika mwaka mmoja hizo tabia za wazazi zinazosemwa hazikuweza kugeuka kiasi hicho. Kilichogeuka ni kilichomo mfukoni.

Lakini hatutaki kuchukua nusu ya maneno kama walivyochukua wasomaji wa Moynihan. Mwaka 2014 wataalamu wakiongozwa na Raj Chetty walitangaza hesabu zao juu ya mamilioni ya watoto wa Marekani, wapi mtoto wa maskini hupanda na wapi hubaki chini. Waliona ya kuwa katika sehemu zenye nyumba nyingi za mzazi mmoja, watoto hupanda kwa taabu zaidi, na taabu hiyo huwapata hata wale ambao baba na mama zao wako pamoja. Basi jambo la mtoto haliishii mlangoni mwa nyumba yao. Mtaa mzima humlea, na mtaa mzima ukilala, humwangusha.

YALIYOONEKANA KATIKA ARDHI YETU

Wala hatuna haja ya kwenda mbali, kwani Mwenyezi Mungu ameleta ushahidi katika Rarieda yetu hii. Kuanzia mwaka 2011 shirika la GiveDirectly liligawa fedha kwa nyumba za maskini vijijini humu bila ya sharti lolote. Nyumba nyingine alipewa mume, nyingine akapewa mke. Nyingine walipewa kwa mara moja, nyingine kidogo kidogo kila mwezi. Wataalamu wawili, Johannes Haushofer na Jeremy Shapiro, wakapima, na mwaka 2016 wakatangaza waliyoyaona. Ni haki msomaji ajue kwamba Shapiro alikuwa mmoja wa waanzilishi wa shirika lenyewe.

Watu wengi walitabiri kwamba fedha zile zingekwenda katika pombe na tumbaku. Hesabu haikuonyesha kwamba matumizi ya vitu hivyo yalizidi. Chakula kilizidi, mifugo ilizidi, na mapaa ya nyasi yakawa ya mabati. Aliyepewa kila mwezi alikuwa na utulivu zaidi wa chakula. Aliyepewa kwa mara moja alinunua kitu cha kudumu. Na baina ya mume aliyepewa na mke aliyepewa, katika matumizi ya nyumba haikuonekana tofauti kubwa, jambo ambalo lilitushangaza hata sisi. Katika utazamaji uliofuatia iliandikwa ya kwamba kipigo cha wake kilipungua, akipewa mume au akipewa mke. Dhiki, ndugu zetu, huwa na mkono, na mkono huo hushuka juu ya aliye dhaifu. Yako pia ya kulaumiwa: jirani aliyemwona mwenziwe akipewa naye akakosa, roho yake iliona uchungu. Kila agawaye na alikumbuke hilo.

Baadaye, baina ya mwaka 2014 na 2017, shirika lile lile liligawa kiasi cha dola 1,000 kwa kila nyumba, katika nyumba zaidi ya 10,000 za Kaunti yetu ya Siaya. Mwaka 2025 wataalamu walitangaza hesabu ya watoto wachanga wa sehemu zile: vifo vya watoto wasiotimiza mwaka vilipungua karibu nusu katika nyumba zilizopewa. Mama mja mzito aliweza kupumzika na kazi ngumu miezi ya mwisho, akala, na pale palipokuwa na hospitali karibu akaifikia. Tuyafikiri haya kwa moyo wa imani. Kuna watoto wanaotembea leo ambao wangalikuwa makaburini, na wala hakuna mtu aliyewauliza mama zao habari za mwenendo.

Serikali yetu ya Kenya nayo ilianza mwaka 2004 majaribio ya kuzipa fedha nyumba zinazolea mayatima na watoto wenye dhiki, kwa nyumba 500 za Garissa, Kwale na Nairobi, kisha ikaieneza nchi nzima mpaka ikafika shilingi 2,000 kwa mwezi. Ni kidogo, na aghalabu huchelewa. Lakini waliowatazama vijana waliokulia katika nyumba hizo waliona kwamba walichelewa kuingia katika mambo ya kimwili kuliko wenzao wa hali moja nao waliokosa. Sisi tuliokaa juu ya mimbari miaka mingi tukikemea zinaa, na tujiulize: je, kemeo letu limewakinga wangapi?

HUKUMU YA SHARIA YETU

Ndugu zetu, hayo ni maneno ya wataalamu, nasi twayapokea kama apokeavyo Mwislamu hekima popote alipoikuta. Lakini Sharia yetu ilikwisha yasema kabla yao.

Mwenyezi Mungu katika Suratut-Tawba amewataja watu wa namna nane wastahikio zaka, na wa mwanzo ni mafakiri na maskini. Amewapa kwa haja zao. Hakusema fakiri mwenye kusifiwa na majirani. Wako wanavyuoni waliosema kwamba mcha Mungu atangulizwe, na kwamba mtu ambaye yajulikana kwa yakini ataitumia zaka katika maasi asitiwe mkononi. Twaikubali kauli hiyo. Lakini yakini ni yakini, na maneno ya wauza chai si yakini. Na hata ikithibiti kwa mama, mtoto hulishwa kwa mkono mwengine ulio mwaminifu. Halali na njaa. Mafundisho ya Kitabu chetu ni kwamba nafsi haibebeshwi mzigo wa nafsi nyingine.

Tazameni khabari iliyopokewa na Bukhari na Muslim. Mtume (S.A.W.) alitueleza juu ya mtu aliyeazimia kutoa sadaka usiku. Mara ya kwanza ikaangukia mkononi mwa mwizi, mara ya pili mkononi mwa mwanamke mzinifu, mara ya tatu mkononi mwa tajiri, na kila kulipokucha watu wakawa wakimsema. Akajiwa na bishara kwamba sadaka zake zimekubaliwa: huenda mwizi akauacha wizi, na mzinifu akaiacha zinaa, na tajiri akapata mazingatio naye akatoa. Yule aliyesema katika kikao chetu kwamba kumpa mwanamke huyu ni kusaidia maasi, Hadithi hii yamrudi. Huenda kumpa ndiko kunakoufunga mlango wa maasi, na kumnyima ndiko kunakoufungua. Nasi tuliokaa tukaulizia habari zake mlango kwa mlango, tulisahau ya kwamba Suratul-Hujurat imekataza dhana mbaya, ikakataza kupeleleza, ikakataza kusengenya. Katika wiki tano tulizitenda zote tatu, na tukaziita uchunguzi.

Tazameni tena mwendo wa Sayyidna Omar (R.A.). Katika utawala wake alikuwa ameweka posho kwa mtoto aliyekwisha achishwa kunyonya. Usiku mmoja alikuwa akilinda msafara wa wageni waliotua Madina pamoja na Abdurrahman bin Auf, akasikia mtoto analia. Akamwendea mama akamwambia amche Mungu na amtazame mwanawe. Akarudi mara ya pili, na mara ya tatu, mpaka akamlaumu kuwa ni mama mbaya. Mama, naye hamjui ni nani, akamjibu ya kuwa amemsumbua usiku kucha. Mtoto yuamwachisha kwa nguvu kabla ya wakati wake, kwa kuwa Omar hampi posho mtoto anyonyaye. Omar akaswalisha Alfajiri, na watu hawakuweza kusikia vyema kisomo chake kwa kilio. Kisha akajilaumu nafsi yake mbele ya watu kwa watoto waliodhurika, akaamuru inadiwe ya kwamba watoto wasiharakishwe kuachishwa, na kila mtoto wa Kiislamu azaliwaye ana fungu lake.

Ndugu zetu, alimlaumu mama mara tatu, na sababu ya kilio cha mtoto ilikuwa ni kanuni aliyoiweka yeye mwenyewe. Ni nani katika sisi asiyejiona hapo? Lakini Omar alipojua, hakungoja kikao. Mambo yaligeuka kabla jua halijapanda.

Na mtoto wa kuokotwa, ambaye babaye hajulikani wala mamaye, alipoletwa kwa Omar aliamuru nafaka yake iwe juu ya Baytul-Mal. Ikiwa asiye na wazazi kabisa hakuulizwa nasaba yake, atanyimwaje yule ambaye mama yake twamjua na twamsalimu kila siku?

JUU YA WANAUME

Hatujamaliza. Mtu atasema: "Basi Sheikh, wanawake wapewe fedha, na wanaume waendelee kutembea." Twamwambia: la, tena la. Fedha haiwi baba. Nafaka ya mtoto, kwa hukumu ya Sharia, ni juu ya babaye: chakula, nguo, makao na malezi, kila mmoja kwa kadiri ya uwezo wake. Hind binti Utba alipomshitaki kwa Mtume (S.A.W.) mumewe Abu Sufyan kwamba ni mzito wa kutoa, alimruhusu achukue katika mali yake kiasi kimtoshacho yeye na mwanawe kwa wema. Kukatoka humo kwamba haki ya mtoto katika mali ya babaye haingoji ukarimu wa baba. Katiba ya Kenya ya 2010 nayo, katika kifungu cha 53, imewabebesha baba na mama jukumu la mtoto kwa sawasawa, wawe wameoana au hawakuoana.

Sasa na tuseme wazi lile ambalo vikao vyetu hulisema kwa kunong'ona. Katika fuo nyingi za ziwa hili uko mwendo uitwao jaboya: mvuvi hamwuzii samaki mwanamke mpaka ampe mwili wake pamoja na fedha. Mwendo huu umeingiza maradhi katika nyumba nyingi, na mayatima wengi wa mwambao huu ni matunda yake. Ajabu ni kwamba likitajwa jaboya, jina linaloharibika ni la mwanamke. Mwenye mashua, ambaye ndiye mwenye nguvu katika biashara ile, huja msikitini Ijumaa akakaa safu ya mbele, nasi twamwamkia kwa heshima. Mjane alichunguzwa wiki tano. Ni mwenye mashua gani tuliyemchunguza hata siku moja?

Huko ufuo wa Nduru, upande wa Kisumu, wanawake wachuuzi walianzisha ushirika kiasi cha mwaka 2011, wakapata mashua zao wenyewe na kuwaajiri wanaume wawavulie. Mwanamke mwenye mashua hana wa kumwomba samaki. Mafuriko ya mwaka 2020 yaliwaharibia mengi, na hilo ni la kusikitisha, lakini waliyoyaonyesha hayakuzama. Heshima ya mwanamke huyu haikulindwa kwa waadhi peke yake. Ililindwa kwa mbao, nyavu na hesabu.

TULIYOYAAZIMIA

Baada ya kutubia kwa Mola wetu na kumtaka radhi yule mama, darsa yetu imekubaliana juu ya haya.

Kwanza, ajaye na haja ataulizwa yeye mwenyewe, kwa siri na kwa heshima, na watu wawili ambao mmoja wao ni mwanamke.

Pili, haja ya mtoto ya chakula, dawa na shule itatimizwa katika siku saba. Likiwako la kuchunguzwa, litachunguzwa mtoto akiwa amekwisha kula.

Tatu, hapana mtu atakayeulizwa habari za chumbani mwake, wala majirani hawataulizwa kwa niaba yake.

Nne, baba aliye hai atafuatwa na wazee wa darsa mpaka atoe nafaka, na akikataa mama atasaidiwa kufika mbele ya Kadhi.

Tano, jirani asiye Mwislamu mwenye dhiki atapata katika sadaka zetu, kwani sisi katika ufuo huu tu wachache, na wema kwa jirani haukuwekewa mpaka huo.

Liko jambo la sita, nalo halijapita. Mwajua ya kuwa tumekusanya fedha za kujenga mnara wa msikiti wetu. Baadhi yetu twaona bora mnara ungoje, na fedha zile zinunue mashua moja na nyavu zake, ziwe za wajane, na faida yake isomeshe mayatima. Lakini fedha iliyotolewa kwa jambo maalumu haihamishwi ila kwa ruhusa ya mwenye kuitoa. Kwa hivyo twamwomba kila aliyechangia atuletee neno lake, kwa ulimi au kwa barua: ama twamruhusu, ama atamruhusu mjane. Asiyeridhika hatutamlaumu, na fungu lake litabaki katika mnara.

Adhana yaweza kusikika pasipo mnara. Swali tutakaloulizwa juu ya kijana yule mwenye viganja vilivyochubuka halina pa kujificha.

Ewe Mola wetu, tusamehe kwa yale tuliyoyachelewesha. Mrudishe kijana huyu katika masomo yake, na umfungulie mamaye rizki ya halali iliyo pana. Zilainishe nyoyo za akina baba juu ya watoto wao, na uzitie khofu yako nyoyo za wenye nguvu katika fuo zetu. Tufanye sisi kuwa watu wanaotoa kabla ya kuhukumu, wala usitufanye wenye kuhukumu wasitoe. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.